Kabla sijawafungulia kitabu

Mwaka jana, mwezi wa Februari, alikuja darasani kwangu mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, viganja vigumu kwa kamba na chumvi. Kazi yake ni kutembeza wageni kwa mashua ya kioo chini kule Bamburi, wakaangalie samaki kwenye matumbawe. Kijerumani alikuwa akikisema tayari. Hakukisoma popote, alikiokota ufukweni, neno baada ya neno, kwa Wajerumani waliopanda mashua yake tangu yeye kijana. Kilichomleta kwangu ni kwamba mkewe yuko Ujerumani, na sheria ya huko inamtaka anayemfuata mwenziwe aonyeshe cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa, kabla ya kupewa viza. Vijana darasani walimwita Ami tangu siku ya kwanza, nami nikafuata.

Nilimwomba ajieleze. Akasema, "Ich wohne in Bamburi. Ich arbeite auf dem Wasser." Yaani anakaa Bamburi, anafanya kazi majini. Nikaweka kalamu ya ubao chini. Sarufi yake nyingine ilikuwa imekatikakatika, lakini ch ya ich ilikaa mahali pake, w ya wohne ilitoka v, na Wasser ilitoka vasa, laini, kama itokavyo kinywani mwa Mjerumani. Nina miaka kumi na moja nikifundisha Kijerumani hapa Mombasa, na wanafunzi walionifikia na matamshi kama yale wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kisha nikampa kitabu.

Wiki ya tatu Ami alikuwa anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na kila kitu kilikuwa kimeharibika. Wohne ilikuwa na w ya wali. Zeit ilikuwa na z ya zabibu. Ich, ile ich yake nzuri, ilikuwa imekuwa ichi, kwa ch ya chai. Nilimwambia, "Ami, funga kitabu, niambie unakaa wapi." Akafunga, akasema sawasawa. Akafungua, akaisoma sentensi ileile, ikaharibika. Tulirudia mara nne. Mara ya nne aliniangalia kwa macho ya mtu aliyeibiwa, akaniuliza, "Mwalimu, hiki kitabu kinanifanyia nini?"

Swali lile lilinikosesha usingizi. Nilikuwa nikiwafundisha watu matamshi kwa kuwaonyesha herufi kwanza na sauti baadaye, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa mimi. Mkenya anapoona herufi za Kirumi, tayari ana masomo mawili kichwani: kwanza Kiswahili, halafu Kiingereza cha shuleni. Herufi ikitokea, jicho linakimbilia mojawapo, na sikio linakaa kimya. Tangu wakati ule, vipindi kumi vya mwanzo havina kitabu wala maandishi ubaoni. Wengine wananung'unika. Wamelipa, wanataka kuandika. Nawaomba wanivumilie wiki mbili.

Darasa langu liko juu ya duka la leso, mtaa wa Biashara, na saa kumi na moja jioni kelele za chini zinapanda mpaka juu. Humo ndimo tunamoanza, na naanza na neno hela.

Nawauliza neno hilo ni la wapi. Wanasema letu. Ni letu kweli, ila lilikuja na Wajerumani. Walipotawala Tanganyika walikuwa na rupia yao. Mwanzo iligawanywa kwa pesa 64, na kuanzia mwaka 1904 ikagawanywa kwa Heller 100. Heller ikawa hela. Schule nayo ikawa shule, ilhali Unguja, kwa Waingereza, wakasema skuli. Nataka wanafunzi waangalie wazee walivyofanya pale mwisho wa Heller. Hawakusema heleri. Walisema hela, kwa a, na hivyo ndivyo -er ya mwisho inavyosikika kwa Kijerumani: Wasser ni vasa, Mutter ni muta, Lehrer inaishia kwa a. Wazee wale hawakuwa wameshika kitabu cha mtu. Walisikia tu sokoni, na kile walichosikia ndicho walichokisema. Mtu akisahau namna ya kutamka -er, namwambia "hela", basi.

Mimi nilisoma chuoni, chuo cha Kurani, Kibokoni kabla sijaingia shule ya msingi, na ustadhi wetu hakuwa mtu wa kusema "sikilizeni kisha mfuate" akaishia hapo. Alikuwa akitwambia kila herufi inatokea wapi: hii ya midomoni, hii ya katikati ya ulimi, hii ya kooni, na hapa kooni kuna juu, kati na chini. Makhraji. Nilipokuwa nikijifunza Kijerumani Nairobi, hakuna mwalimu aliyenionyesha mahali sauti inapotokea. Walirudia tu kwa sauti kubwa zaidi. Sasa natumia njia ya ustadhi. Kila mwanafunzi anakuja na kioo kidogo cha mkononi, na tunaangalia midomo, ulimi na meno kabla ya kuuliza neno lina maana gani.

Na hapo ndipo watu wa Mombasa wanapogundua wana mali nyingi.

Chukua ch ya Kijerumani. Ina sauti mbili. Ya kwanza inakuja baada ya a, o, u na au: acht, doch, Buch, auch. Hiyo ni kh yetu, ile ya masalkheri na sheikh. Mtu wa Mji wa Kale hahitaji kufundishwa. Anahitaji kuambiwa tu kwamba anayo. Binti mmoja wa Kuze alisema Buch mara ya kwanza kabisa, bila kosa, kisha akashangaa kwa nini namsifu. Wanafunzi kutoka bara wengi husema buku au buhu, na hao nawakalisha na wa Kuze, wamsalimie masalkheri kumi kila jioni, mpaka koo lizoee.

R ya Kijerumani, inayosemwa nyuma kooni, ni jirani wa karibu wa gh ya lugha na ghali. Ukiitaka, ndiyo hiyo. Lakini sipotezi muda hapo. Kusini mwa Ujerumani, Bavaria kwa mfano, wako wengi wanaosema r ya ncha ya ulimi kama sisi, na kila Mjerumani anaielewa. Mwanafunzi mwenye r ya Kiswahili namwacha nayo.

Z ni ts: Zeit ni tsait, zehn ni tseen. S inayotangulia irabu mwanzoni mwa neno ndiyo iliyo z yetu, kwa hiyo Sonne inaanza kama zawadi. Hili linawachanganya watu sana, maana mtu anasema zehn, kumi, kwa z ya Kiswahili na kwa Mjerumani inasikika kama sehen, kuona. Lakini wale wanaotoka Kilifi na Kwale tano kwao ni tsano, na ardhi ni tsi. Sauti yenyewe wamenyonya nayo. Kijana mmoja wa Kaloleni, mnyonge kidogo, aliyekuwa akikaa nyuma na kuficha Kigiriama chake kana kwamba ni aibu, siku ile nilimwita mbele ahesabu kwa lugha ya kwao. Alipofika tsano nikamsimamisha, nikamwambia aiweke ts hiyo kwenye zehn. Ilitoka safi. Wiki nzima wenzake wa mjini walikuwa wakimfuata awafundishe, na tangu siku ile anakaa safu ya mbele.

Halafu kuna ng. Wakati wa maandishi ukifika, ng ndiyo inayonipa furaha kubwa kuifundisha, kwa kuwa Kiswahili kimetenganisha kitu ambacho lugha nyingi hazijisumbui kukitenganisha. Sisi tunajua ngoma si sawa na ng'ombe. Kwa Kijerumani ng ndani ya neno ni ya ng'ombe: Finger ni fing'a, Hunger ni hung'a, lange ni lang'e. Wanafunzi wanasoma Finger kwa g kwa sababu Kiingereza kimewazoesha hivyo. Nawaambia waweke kikato kile cha ng'ombe kwenye daftari kwa penseli, wakifute baada ya mwezi.

Na mtu wa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ana pumzi pia. Bibi yangu alitofautisha kaa la moto na kaa wa baharini, paa la nyumba na paa wa porini, kwa pumzi tu: wale wanyama walitoka na upepo. Upepo huohuo unatakiwa kwenye Tee, Pass na Kaffee. Shika kipande cha karatasi mbele ya mdomo, sema kaa wa baharini kama bibi, karatasi itatikisika. Sema Kaffee, itikisike vivyo hivyo.

Sasa ile ch ya pili, ya ich. Hapa hatuna mali ya kurithi, inabidi tuitafute. Si sh, si k, si kh. Inakuja baada ya i, e, ä, ö, ü na baada ya konsonanti: ich, nicht, Milch, Mädchen, hata ile -ig ya mwisho ya zwanzig. Nimejaribu njia nyingi, na inayofaa zaidi ni hii. Mwambie mtu anong'one neno hii, kwa nguvu, kama anayemwonyesha mwenzake kitu msikitini asisikike. Aivute ile h ya mwanzo, hiiii, ulimi ubaki juu karibu na kaakaa, mahali pa y ya yai, midomo imetanuka kidogo. Kisha airudie bila kuifikisha irabu. Ule upepo unaobaki ndio wenyewe. Anza na i, malizia na upepo: ich. Wapo wanaoipata dakika ileile. Wapo waliochukua wiki tatu, wakiifanyia mazoezi kwenye feri ya Likoni asubuhi na jioni, wakinong'ona peke yao katikati ya watu na mikokoteni.

Kwa nini nasumbua watu na kitu kidogo hivyo? Kwa sababu Kirche ni kanisa na Kirsche ni tunda, yale mekundu madogo tunayoyaona juu ya keki. Mama mmoja wa Mtwapa, mwimbaji wa kwaya, alikuwa akieleza kwa moyo wote anachofanya Jumapili, na kila alipotaja kanisa lake likatoka tunda. Sikumkatiza. Baadaye tulikaa yeye na mimi na kioo, tukavuta hiiii mpaka adhana ya magharibi. Alipoipata alisema Kirche mara nane mfululizo, taratibu, kisha akakusanya vitu vyake akaondoka bila neno jingine.

Irabu ni jambo jingine. Tuna tano, zimenyooka, na a, e, i, o, u za Kijerumani zinakaa karibu nazo kuliko za Kiingereza. Linalotushinda ni urefu. Staat ni dola, Stadt ni mji. Ofen ni jiko, offen ni wazi. Waliosoma chuoni nawakumbusha madda, kule kuvuta irabu katika kusoma Kurani: hapa unavuta harakati mbili, hapa huvuti. Wasiosoma chuoni nawapigia meza, mara mbili kwa ndefu, mara moja kwa fupi.

Ö na ü zinawatisha watu kwa zile nukta juu, ndiyo maana nazifundisha kabla nukta hazijaonekana. Ulimi unasema i, midomo inasema u. Shika i ndefu, iiii, usiusogeze ulimi hata kidogo, kisha leta midomo mbele kama unayepuliza makaa ya jiko. Imekuja ü. Fanya hivyo kwa e na midomo ya o, imekuja ö. Dada mmoja anayekaanga viazi karai Mwembe Tayari aliipata kabla sijamaliza kueleza. Midomo yake inapuliza makaa kila siku.

Mtu akiniuliza kama nukta zile ni lazima, namwuliza kama m na wa ni lazima kwenye mtoto na watoto. Mutter ni mama mmoja, Mütter ni mama wengi. Bruder ni kaka mmoja, Brüder ni wengi. Wingi wenyewe umekaa ndani ya irabu. Ukiitupa, umeutupa wingi.

Kazi ngumu kuliko zote kwetu ni konsonanti zinapobanana, na konsonanti inapofunga neno. Kinywa cha Kiswahili kinapenda silabi iishie kwa irabu. Film kwetu ni filamu, bank ni benki, brush ni burashi. Si ugonjwa, ndivyo lugha yetu ilivyojengwa, na maneno hayo ni mazuri yakiwa kwetu. Lakini mwanafunzi anapobeba desturi hiyo mpaka Kijerumani, gut inakuwa guti, und inakuwa undi, na Straße inakuwa na silabi nne badala ya mbili. Mjerumani anayesikiliza anapotea, kwa kuwa irabu zile za ziada kwake zina maana. Hat ni "ana". Hatte ni "alikuwa na". Mtu anasema "ana homa" naye daktari anasikia "alikuwa na homa". Kati ya wanafunzi wangu wapo wauguzi, na tangu Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa wafanyakazi kule Berlin, simu za wauguzi zimeongezeka. Kwao hili silichukulii wepesi hata kidogo.

Tunapiga makofi. Film, kofi moja. Herbst, kofi moja. Straße, makofi mawili, na anayepiga la tatu anarudia. Neno gumu tunalijenga kutoka mkiani. Herbst: anza na st. Kisha pst, kama unavyomwita mtu ng'ambo ya barabara. Hiyo pst haina irabu na kila mtu Mombasa anaijua toka utotoni! Kisha ongeza mbele. Herufi ya mwisho imalizike kwa pumzi, isifunguliwe tena, kama sukuni, ile alama ya Kiarabu ya herufi isiyo na irabu: unasema Rahim, husemi Rahimu. Na d, b na g zikifika mwisho zinakauka: und ni unt, gelb ni gelp, Tag ni taak.

Mkazo nao una siku yake, lakini hauhitaji siku mbili. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na wanafunzi wanaupeleka huko kila neno. Nawaomba waseme barabara ya magari, kisha wamwambie mtu amefanya kazi barabara. Wanasikia wenyewe: baraBAra, baRAbara. Kisha nawapa umfahren. UMfahren ni kukigonga kitu kwa gari ukakiangusha. UmFAHren ni kukizunguka ukapita kando. Dereva mmoja wa tuktuk alilishika somo hilo papo hapo na hajalisahau.

Kitabu kinafunguliwa kipindi cha kumi na moja, na la kwanza tunalofanya ni kutaja herufi. Kwenye mtihani wa A1, sehemu ya kuzungumza, mtu anajitambulisha kisha anaombwa ataje jina lake herufi kwa herufi, na namba fulani, mara nyingi ya simu. Hapo Kiingereza kinawaangusha wengi. Chukua jina Mwanajuma. Mtu akilitaja kwa Kiingereza, kila a anaiita ei, na Mjerumani akisikia ei anaandika E, kwa kuwa E kwao inaitwa ee. Mwanajuma anakuwa Mwenejume. Akiitaja i kwa Kiingereza inaandikwa kitu kingine tena. Ilhali a kwa Kijerumani ni a, e ni e, i ni i, kama tulivyoziimba darasa la kwanza kwa Kiswahili. Em, ve, a, en, a, yot, u, em, a. Zinabaki chache za kujifunza upya: v ni fau, z ni tset, y ni üpsilon.

Huwa namkumbuka Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 kabla ya kuhamia Rabai, akakaa na watu wa huku akisikiliza na kuandika. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Naye alianza kwa sikio, kwa sababu kitabu cha kumfundisha hakikuwepo.

Ami nilimtoa kwenye kitabu wiki sita. Tulipokirudia, nilimfundisha kuwa neno analolijua kwa sikio ndilo linalotawala, na herufi zinamfuata yeye. Alipokuta Wasser kwenye ukurasa alifumba macho, akalisema la mashuani, kisha akafungua na kuangalia limeandikwaje. Alisoma kitabu kizima namna hiyo. Mwezi wa Oktoba akafanya mtihani. Kupita kunataka alama 60 kati ya 100. Alizivuka kwa mbali, na sehemu ya kuzungumza ndiyo iliyompandisha.

Kabla ya kusafiri nilimwomba anirekodie kwenye simu maneno mia moja kwa ajili ya darasa lijalo. Aliyarekodi akiwa kazini. Darasa jipya lilianza Jumatatu iliyopita, watu tisa, na neno la kwanza walilolisikia lilikuwa Wasser. Nyuma ya sauti yake mawimbi yanagonga ubavu wa mashua, na kwa mbali kuna mtu anaita aletewe kamba. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama naweza kuiondoa ile kelele. Nikamwambia asikilize tena.